SRD 5.1 chini ya maji: meno yapo, bahari hakuna

Msimamizi wa mchezo anayetaka kujenga dunia ya chini ya bahari kwa kampeni ya mezani, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo wa kuigiza wahusika, ana pa kuanzia bila kulipa chochote: SRD 5.1, waraka wa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons. Mwaka 2023 wachapishaji wake, Wizards of the Coast, waliuweka chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuunakili, kuubadilisha na hata kuuza ulichojenga juu yake, mradi utaje chanzo. Hapa tunaupima kwa jambo moja tu: je, unabeba kampeni ambayo wachezaji hawatoki majini? Hadi wahusika wafike ngazi ya 4 unabeba vizuri sana. Kuanzia ngazi ya 5 msimamizi asipoongeza kanuni zake, bahari inabaki chumba cha kawaida kilichopakwa buluu.

Kanuni za mapigano majini ni fupi na zinafanya kazi. Asiye na kasi ya kuogelea hulipa futi mbili kwa kila futi anayosogea. Akishambulia kwa silaha ya mkononi hurusha d20 (dadu ya pande 20) mbili na kuchukua iliyo ndogo, isipokuwa ameshika jambia, sime, mkuki, mkuki mwepesi wa kurusha au mkuki wa meno matatu. Silaha za mbali hukosa moja kwa moja zikivuka masafa ya kawaida. Ndani ya masafa hayo nazo hupata dadu ndogo, ila upinde wa mtambo, wavu na vile vinavyorushwa kama mkuki. Chochote kilichozama kizima hupata nusu tu ya madhara ya moto. Wachezaji huzishika ndani ya pambano moja, na shoka kubwa la shujaa wa nchi kavu linakuwa mzigo papo hapo.

Kasoro ipo kwenye silaha ambayo kila mtu huiwazia akisikia neno bahari. Mkuki wa meno matatu una madhara yaleyale ya d6, au d8 kwa mikono miwili, na masafa yaleyale ya futi 20 hadi 60 kama mkuki wa kawaida. Lakini unagharimu sarafu za dhahabu 5 badala ya 1, ni mzito zaidi, na unahitaji mafunzo ya silaha za kivita. Hakuna mwenye akili atakayeununua. Tiba yake ni ndogo: ukimpiga adui majini, mnase asisogee mpaka ashinde jaribio la nguvu dhidi ya lako.

Pumzi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Kwa SRD, mtu huzuia pumzi kwa dakika 1 pamoja na nyongeza yake ya ustahimilivu. Mzunguko mmoja wa pambano, yaani zamu moja kwa kila aliyepo, ni sekunde 6, maana yake hata mwenye ustahimilivu wa 10, ambaye nyongeza yake ni sifuri, ana mizunguko kumi, wakati mapambano mengi humalizika kwa mitatu au minne. Hakuna atakayezama. Kanuni inayofaa zaidi: ukiwa kwenye pambano, pumzi yako ni nusu ya namba yako ya ustahimilivu, ikihesabiwa kwa mizunguko, na kila pigo linalokupata linakula mzunguko mmoja. Mwenye 14 ana mizunguko saba, na akipigwa mara tatu anaanza kuangalia juu.

Ngazi ya 5 inapofika, uchawi wa Water Breathing (kupumua majini) unalifuta hata hilo. Unahudumia watu kumi kwa saa 24, na kwa kuwa unaweza kufanywa kama tambiko, hauli nafasi ya uchawi, yaani mgao wa mchawi wa siku. Usiupige marufuku, maana bila huo hakuna kampeni. Kumbuka mambo mawili tu. Kwanza, unatoa pumzi bila kutoa kasi ya kuogelea, kwa hiyo adhabu za silaha na mwendo zinabaki. Pili, Dispel Magic, uchawi wa kufuta uchawi, huuvunja bila kurusha dadu. Adui mmoja mwenye uchawi huo, kwenye kina cha pima hamsini, anatisha kuliko papa watano.

Kuhusu watu wa kucheza, waraka unakuacha mkono mtupu. Una mbari tisa za wahusika na hakuna hata moja yenye kasi ya kuogelea. Ukiamua kuongeza futi 30 za kuogelea na uwezo wa kupumua majini, wape wote au usimpe yeyote. Ukimpa mmoja, wenzake watakuwa wakitambaa nyuma yake kila pambano, na kufikia kikao cha tatu watakuwa wamechoka naye.

Viumbe, kwa upande mwingine, ni hazina. Sahuagin, watu-samaki wakatili, hupata faida (d20 mbili, huchukua iliyo kubwa) dhidi ya yeyote aliyepoteza hata alama moja ya uhai na huamrisha papa walio ndani ya futi 120: hiyo peke yake ni dini na jeshi. Bora kuliko wote ni aboleth, dubwana la kale la vilindini linalofanana na samaki. Anayemgusa akiwa majini anaweza kuambukizwa na ute wake, na kwa saa 1 hadi 4 akawa anaweza kupumua chini ya maji tu. Soma tena sentensi hiyo ukiwa na ramani mbele yako. Ni mji mzima wa watumwa wasioweza kutoroka kwenda juu, wanaopanga foleni kupakwa ute upya kabla haujaisha. Kasa-joka naye hutema mvuke unaohesabiwa kama moto, ambao maji hayaupunguzi, tofauti na moto mwingine, na hapo mwandishi wa kanuni alifikiri kweli.

Kinachokosekana ni bahari yenyewe. Hakuna kina, shinikizo, baridi wala mkondo. Haya yajaze kwa maumbile halisi. Shinikizo huongezeka kwa takriban angahewa moja kila mita 10. Rangi nyekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, hivyo damu huonekana nyeusi au ya kijani. Chini ya mita 200 hakuna mwanga wa kukuza mwani, kwa hiyo shamba lolote la mwani ulilochora huko lifute. Mji wa kilindini ule mabaki yanayodondoka kutoka juu, au ukae kando ya chemchemi za maji moto za sakafu ya bahari, ambako bakteria huishi kwa kemikali badala ya jua. Na chemchemi hizo si tanuri la mhunzi: maji yake hufika karibu nyuzi 400 za Selsiasi, wakati shaba huyeyuka kwenye 1,085. Chuma kinatoka nchi kavu, basi. Hapo umeshapata biashara, magendo na sababu ya vita bila kubuni mungu yeyote.

Taa pia zifikirie mapema. Mwenge hauwaki majini, lakini mwali wa uchawi wa Continual Flame hauzimiki, na kila nakala hula vumbi la rubi la dhahabu 50. Mtaa wenye taa ni mtaa wa matajiri. Wanaoona gizani kwa futi 60 wapunguzie hadi 30 maji yakichafuka, la sivyo giza halitakuwa na maana kwa nusu ya meza.

Mezani penyewe, kosa la kawaida ni kuhesabu kina kutoka juu kwenda chini, halafu watu wanapotea kwenye hasi. Fanya sakafu ya bahari iwe sifuri. Weka d12 kando ya kila sanamu ya mhusika, kila namba ikiwa futi 10 kwenda juu. Umbali kati ya wawili ni namba kubwa kati ya ule wa mlalo na ule wa wima. Hivyo ndivyo toleo la tano linavyohesabu miraba ya mshazari kwenye ramani, na hakuna atakayehitaji kikokotoo. Aliyefika sifuri ya uhai, waraka hausemi anaelea au anazama. Mzamishe futi 10 kila mzunguko, 20 akiwa na deraya ya chuma, na uwaache wenzake waamue nani anamfuata gizani.