Python na tabu yake

Hasira hizi ninazo tangu msimu wa karafuu, leo nazitoa.

Ami yangu hapa Wete ana shamba, na kila jioni mimi ndiye mshika daftari: nani kachuma pishi ngapi, kakopa kiasi gani, anadai nini. Nikajifanya mjuzi, nikataka Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ishike hesabu hizo kwenye kompyuta ya nyumbani. Bando la kwanza liliteketea bure. Kompyuta yetu ni ya Windows 7, na Python kuanzia toleo la 3.9 haiitaki tena Windows hiyo. Hilo nililijua baada ya kupakua, si kabla. Nikarudi kwenye 3.8. Haya, hilo nalisamehe, kompyuta yenyewe kikongwe.

Nisilolisamehe ni lile la kitufe cha Tab, na kweli ni tabu. Mwanzo niliandika kwenye Notepad, kihariri sahili cha Windows, mistari ya ndani nikiisogeza kwa kitufe hicho, maana Python huijua mistari ya ndani kwa ule weupe wa mwanzo wa mstari. Binamu yangu aliyeko Unguja akaniongezea mistari minne ya kujumlisha. Yeye husogeza kwa kitufe cha nafasi, moja moja, mara nane. Kwenye kioo yote imenyooka kama safu ya sala. Naiendesha, inakataa. Eti nimechanganya tabu na nafasi. Nimechanganya wapi? Naukodolea macho weupe, na weupe unanikodolea mimi.

Barazani wachumaji wameshachambua, makonyo huku, karafuu huku, wanangoja. Ami akaniuliza kwa upole wake ule unaochoma: "Mwanangu, hiyo mashine inakula nini, tuipe?" Bibi mmoja akadakia: "Andika kwa kalamu, mjukuu wangu, magharibi hii inatukuta." Nikaandika kwa kalamu. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Lugha gani inamwadhibu mtu kwa kisichoonekana? Wenzake wengi huifungia mistari ya ndani kwa mabano, unayaona kwa macho yako. Hii imeufanya utupu kuwa sheria, na mashabiki wake wanakwambia ndio uzuri wenyewe! Python 2 ilikuwa ikivumilia mchanganyiko kama wangu. Ya 3 haina huruma. Muundaji wake, Guido van Rossum, aliipa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Mimi sikucheka.

Usiku nikataka kuifuta kabisa. Kabla sijaifuta nikafungua IDLE, kihariri kinachokuja humohumo ndani ya kifurushi, nikaandika upya mstari kwa mstari. Kumbe humo ukibonyeza Tab chenyewe kinaweka nafasi nne! Dawa ilikuwa ndani siku zote. Ikaenda. Pishi tatu na kibaba naiandika 3.25, inazidisha, inajumlisha watu wote kufumba na kufumbua, bila intaneti, bila kunidai hata senti. Sasa niseme ni mbaya? Siwezi. Niseme ni nzuri? Nikikumbuka ile baraza, ulimi unakuwa mzito. Ukitaka kuianza, anzia ndani ya IDLE, na mistari ya binamu usiipokee.

Usiku uleule niliiingizia na hesabu za jioni nilizoandika kwa kalamu. Yule bibi mwenye haraka nilikuwa nimempunja pishi mbili. Asubuhi nikampelekea pesa zake. Akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, wala hakuniuliza nimejuaje.