Kozi ya askari wanyamapori wa vijiji: kwata nyingi mno, somo la ardhi kidogo mno

Vijana wa huku Liwale wananiuliza kama kozi ya askari wanyamapori wa vijiji ina faida, au ni kwenda kupigishwa kwata na kurudi na cheti cha kubandika ukutani. Nimeona niandike mara moja tu. Chuo nilichosoma sikitaji, maana mengine nitakayosema si ya kukisifia.

Kwanza tuelewane: hii si Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori kule Kilimanjaro, ambako wamekuwa wakifundisha wasimamizi wa hifadhi tangu 1963 na mlangoni unaulizwa vyeti. Sisi tulipendekezwa na vijiji vyetu. Darasani tulichanganyika wa darasa la saba na wa kidato cha nne, na tukiingia porini wa darasa la saba ndio waliokuwa mbele.

Kwata ilikuwa asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya ugali. Sipingi nidhamu, kwa sababu ukikutana na mtu mwenye gobore usiku, nidhamu ndiyo itakayokurudisha nyumbani. Lakini muda mwingi uliishia kwenye saluti, na somo la mpango wa matumizi bora ya ardhi likasukumwa mwishoni, wakati wenzetu wameshaanza kufunga mabegi. Hapo chuo kiliniudhi.

Maana migogoro yetu mingi haina jangili ndani yake. Kuna mkulima aliyesogeza shamba la ufuta hadi kwenye ushoroba, yaani mapito ya wanyama, kuna mfugaji aliyefika na ng'ombe wake akitafuta maji, na kuna tembo, ambaye mipaka yetu haijui. Katika vipindi vichache tulivyopata, afande alitandika ramani chini ya mwembe, akatupa jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, akatutuma tukazitafute bikoni, yaani alama za mipaka. Akatufafanulia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na kwa nini mpango wa matumizi ya ardhi lazima upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usiishie kwa mwenyekiti na watu wake. Akatuambia pia kuhusu zile mita 60 za kingo za mto ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoharibu mazingira.

Niliporudi, hizo mita 60 ndizo zilizokuwa kazi yangu ya kwanza. Babu mmoja alikuwa analima mpaka majini. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanijibu, "Mjukuu wangu, bonde hili nalilima tangu Operesheni Vijiji, wewe hujazaliwa." Hatukubishana. Tulichukua kamba tukapima pamoja, mwenyewe akishika ncha moja, kisha suala likaenda kwenye kamati ya ardhi. Kwata haikunisaidia kitu siku ile.

Somo la tembo lilikuwa tamu. Kumbe ukipima mzunguko wa unyayo wa mguu wa mbele ukazidisha mara mbili, unapata takriban kimo chake hadi begani. Unyayo wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kama yai. Tulifundishwa kuchanganya pilipili ya kusaga na oili chafu, kupaka kwenye kamba ya katani na vitambaa, na kuzungushia shamba. Inasaidia, ila mvua ikinyesha unapaka upya, na hilo wafadhili huwa hawalisemi. Tulielezwa pia kuhusu kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori: kwa kanuni za 2011, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi lilikuwa halilipwi, na ekari zilizohesabiwa hazikuzidi 5. Ukiwaeleza watu mapema, hawakurushii maneno baadaye.

Jingine la maana ni ushahidi. Unakamata nyama au meno, unajaza hati ya ukamataji, mashahidi wanasaini, na kila anayepokea kielelezo anaandikwa. Mkono mmoja ukikosekana kwenye karatasi, wakili wa mshtakiwa anashukuru. Tuliigiza kesi nzima darasani, mimi nikiwa shahidi, na nilitoka jasho kweli.

Chakula kilitosha. Bweni lilikuwa na kunguni.

Suala la pesa sasa. Kozi haikupi ajira. Posho inatoka kwenye jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iliyoundwa na vijiji, na jumuiya inategemea mwekezaji wa kitalu cha uwindaji; mwekezaji akikosekana, unafanya doria kwa moyo. Kabla hujaenda, serikali ya kijiji iandike kwenye muhtasari nani atalipa posho, nani atanunua buti, na familia itafanya nini ukiumia kazini. Wakikwambia "tutaangalia ukirudi", subiri awamu nyingine.

Nyota nne kati ya tano kwa yule afande wa ramani. Kozi kwa jumla naipa tatu. Wakipunguza kwata ya jioni wakaweka upimaji na hati za kimila za kumiliki ardhi ya kijiji, mdogo wangu nitampeleka mwenyewe.