Uzoefu wangu: siku nne kwenye nyumba ya mawe kijijini Għarb, Gozo

Julai mwaka huu nilichukua likizo nikaenda Għarb, kijiji cha pembe ya magharibi ya kisiwa cha Gozo, nchini Malta. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya zamani ya wakulima, ambayo wenyewe huiita razzett. Kabla ya kwenda nilitafuta maelezo kwa Kiswahili, sikupata hata mstari mmoja. Ndiyo maana naandika.

Safari kwanza. Kutoka Sliema, mji wa kisiwa kikuu cha Malta ninakofanya kazi, unapanda basi hadi Ċirkewwa, halafu feri ya kama dakika 25 hadi bandari ya Mġarr. Kwenda hulipi nauli ya feri, unalipa wakati wa kurudi, kwa hiyo usihangaike kutafuta dirisha la tiketi. Mġarr unachukua basi hadi Victoria, mji mkuu wa Gozo, kisha jingine hadi Għarb. Jioni mabasi ni ya kusubiri sana. Ukiwa na mizigo, bora teksi.

Nyumba ni nzuri kweli. Kuta zake ni za mawe ya chokaa, nene kama urefu wa mkono wangu, rangi ya asali, na mchana ukiingia chumba cha chini unakuta ubaridi wa maji ya mtungi. Tatizo ni kwamba mimi nilipewa chumba cha juu. Jua la Julai linapiga dari kutwa, usiku dari linakurudishia lile joto, na feni ilikuwa moja tu. Tena wakala niliyepitia mtandaoni aliniongezea ada ya usafi ambayo kwenye bei ya mwanzo haikuwepo. Niliuliza mara mbili, sikujibiwa. Hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Lakini mwenye nyumba! Bibi wa miaka themanini na ushei, anakaa mlango wa pili. Asubuhi ya kwanza nilimkuta kibarazani anafuma lesi, kazi wanayoiita bizzilla. Ameegemeza ukutani mto mrefu uliojazwa majani makavu, muundo umebandikwa juu yake kwa pini, na nyuzi zinaning'inia kwenye vijiti vidogo vya mbao. Vidole vinavirusha vile vijiti, kimoja juu ya kingine, vinagongana tak-tak-tak, na macho yake wala hayapo kwenye mto, yananitazama mimi. Nilimkumbuka bibi yangu Tanga na ukili wake. Akawa anahesabu jozi kwa sauti ndogo: "...sitta, sebgħa, tmienja, disgħa." Nikasimama pale pale. Sita, saba, tisa! Nikamhesabia na mimi kwa Kiswahili. Akaweka vijiti chini, akanishika mkono, akasema, "Ejja, binti." Njoo, binti yangu.

Kazini kwangu tunazungumza Kiingereza siku nzima, kwa hiyo miaka miwili nimekaa Malta bila kukisikiliza Kimalta hasa. Asubuhi ile tulikaa mpaka karibu na adhuhuri tukibadilishana maneno. Ishirini kwao ni għoxrin, hamsini ni ħamsin, mia ni mija, elfu ni elf. Kitabu ni ktieb, dunia ni dinja. Alhamisi ni il-Ħamis. Wengi wao ni Wakatoliki, lakini Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima yao inaitwa Randan. Mimi ni Muislamu, na nilipomsikia bibi wa Kikatoliki akisema "jekk Alla jrid", yaani Mungu akipenda, kwa kila jambo la kesho, nilijiona niko nyumbani. Waarabu waliiteka Malta mwaka 870 na lugha yao ikabaki hata baada ya dini kubadilika. Hata jina la kijiji, Għarb, ni magharibi ile ile yetu. Hiyo għ ya mwanzo haitamkwi, unasikia kama "Aarb".

Kuishi mwisho wa kisiwa hakukuwa raha zamani. Mwaka 1551 Waturuki pamoja na haramia wa baharini Dragut walishuka Gozo wakachukua watu kama 5,000, karibu kisiwa kizima, wakawapeleka utumwani Tripoli. Bibi aliniambia niende kwa miguu hadi kikanisa cha San Dimitri, kilichojengwa upya 1736, kiko peke yake mashambani kuelekea baharini. Kuna hadithi ya mama mmoja, Żgugina, ambaye mwanawe wa pekee alichukuliwa na maharamia. Aliomba mbele ya picha ya mtakatifu, na mtakatifu akatoka kwenye picha na farasi wake, akaenda baharini, akamrudisha kijana. Picha ya altareni ina wote watatu: mpanda farasi, kikongwe anayeomba, na kijana mwenye minyororo. Sisi watu wa pwani tunajua watu kuchukuliwa na majahazi maana yake nini. Nilikaa pale muda mrefu.

Kijiji chenyewe ni kidogo, watu hawafiki 2,000. Parokia ilianzishwa 1679, na kanisa la uwanjani lilijengwa kuanzia 1699 hadi 1729. Kando yake kuna makumbusho ya maisha ya zamani, ndani ya nyumba ya karne ya 18 yenye vyumba 28. Nendeni, hasa kwa zana za kilimo. Mwanzoni mwa Julai ni sikukuu ya kijiji, ya Bikira Maria alipomtembelea Elizabeti. Fataki zinaanza asubuhi, mlio wa bomu tupu bila rangi, dirisha linatetema. Usiku bendi ya matarumbeta inazunguka, taa zimetanda barabara nzima, kila mtu yuko nje na viti. Ukitaka usingizi, usiende wiki hiyo. Mimi ningeenda tena wiki hiyo hiyo.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Ta' Pinu, kanisa kubwa lililosimama shambani peke yake. Mwaka 1883 mwanamke mkulima, Karmni Grima, alisikia sauti ikimwita kwenye kikanisa cha zamani, ambacho sasa kimehifadhiwa ndani ya hili jipya. Vyumba vya pembeni vimejaa shukrani za waliopona: magongo, nguo za watoto wachanga, helmeti za pikipiki, barua za mkono. Kulikuwa na viatu vya kitoto, vya sufu, vidogo kuliko kidole changu cha gumba. Sikuweza kuendelea kusoma barua.

Jambo jingine: Għarb nilikuta nyumba kadhaa ufunguo umeachwa kwenye kitasa, upande wa nje. Bibi naye ndivyo anavyofanya. Aliniambia niingie tu bila kubisha, chai iko jikoni.

Nyumba naipa nyota nne, moja nimeipunguza kwa ajili ya chumba cha juu. Wakala simpi hata moja. Ombeni chumba cha chini, na mkishafahamiana na bibi, mara ya pili mwandikieni mwenyewe. Mimi nimeshaandika.