Mizani ya jikoni ya elfu kumi na nane: keki sawa, hamira mtihani

Ni zile mizani nyeupe za plastiki zenye sahani ya duara juu, vitufe viwili mbele na kioo kidogo cha namba, zinazopangwa mezani Kariakoo pamoja na blenda za mkono na visu vya kumenyea. Muuzaji alianzia elfu ishirini na tano, tukamalizana kwa elfu kumi na nane, betri mbili za AA akanipa juu yake. "Dada, hii inabeba kilo kumi," akaniambia. Kilo kumi za nini, na sahani yenyewe kama kisosi cha chai? Lakini kwenye boksi imeandikwa hivyo hivyo: kilo 10, kwa hatua ya gramu 1.

Mimi napika keki na maandazi ya oda hapa Mbagala, na kilichonitoa nyumbani ni ugomvi wangu na kikombe. Unga ukiumimina taratibu, kikombe kinabeba kama gramu 120. Kikombe kilekile ukikichovya kwenye mfuko na kushindilia, unafika 150. Mteja aliyekula keki laini Jumamosi hii, akiletewa ngumu wiki ijayo, hataki kusikia habari za kikombe. Kwenye mizani robo ya unga ni gramu 250, awe amepima binti yangu au nimepima mimi. Keki yangu ya kawaida ni unga robo, sukari robo, siagi robo na mayai gramu 200. Ndiyo, mayai napima. Trei moja ina makubwa na madogo, na yai la kawaida likishavunjwa ni kama gramu 50, kwa hiyo siku nyingine manne yanatosha, siku nyingine inabidi yawe matano. Oda ikiwa ya keki tatu nazidisha kwa tatu, basi.

Kitufe ninachokipenda ni cha sifuri. Unaweka bakuli, unabonyeza, inasoma 0. Unamwaga unga mpaka 250, unabonyeza tena, unamwaga sukari palepale. Vyombo vya kuosha vimepungua, na jikoni kwangu maji ni ya ndoo, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Sasa kasoro. Inajizima upesi mno. Ukienda kumfungulia mtu geti, ukirudi kioo ni cheusi na hesabu yako imepotea. Tena ukiiwasha bakuli likiwa juu, inaanza na sifuri kana kwamba hakuna kitu. Dawa niliyoipata ni maka peni: kila bakuli nimeliandika uzito wake chini. La kioo 642, la bati 318. Mizani ikizima naondoa bakuli, nawasha, narudisha, natoa hesabu kichwani. Bakuli pana nalo linafunika namba, usome nini? Mimi hugeuza kikopo kidogo juu ya sahani, nabonyeza sifuri, kisha bakuli linakaa juu ya kikopo.

Kwenye hamira ndiko ilikonichosha. Unga nusu kilo nautilia hamira gramu 5. Ukianza kunyunyiza kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, inasoma 0, bado 0, unaongeza, 0, halafu ghafla inaruka 3. Ukweli ni kwamba pale kuna zaidi ya hiyo 3. Mizani za aina hii zimetengenezwa zijirudishe sifuri zenyewe zikisikia mabadiliko madogo, zikidhani ni mtikisiko wa meza. Kwa hiyo ukinyunyiza polepole, inameza hamira yako bila kuihesabu. Ujanja ni kutobonyeza sifuri: weka kibakuli, acha kisome uzito wake, tuseme 86, kisha ongeza mpaka isome 91. Hata hapo, kwa mashine inayohesabu gramu nzima, 5 inaweza kuwa nne na nusu au tano na nusu. Kwa maandazi haidhuru. Anayetaka kupima iliki au baking powder kwa uhakika anunue zile ndogo za mfukoni zinazosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Nilitaka kujua pia kama inasema kweli. Paketi ya unga ya kilo haikusaidii, maana namba zikikataa hujui mwongo ni nani. Nilinunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila sindano, nikawa navuta maji na kuyamimina kwenye glasi. Mililita 10 za maji ni gramu 10. Bomba la kwanza ikasoma 9, la pili 20, na kuanzia hapo mpaka 100 ilikwenda sawasawa. Nikaridhika.

Kitufe cha pili kinabadilisha kipimo: gramu, wakia, ratili, mililita. Mtoto akikigusa utaona 8.82 pale ulipozoea 250 na utashtuka bure, hizo ni wakia. Mimi kimenifaa kwa daftari la bibi yangu wa Tanga, aliyeandika visheti vyake kwa "ratili moja ya ngano, wakia nne za samli". Ratili ni gramu 454 hivi, na wakia nne ni 113. Ila mililita zake msiziamini isipokuwa kwa maji, kwa sababu inachofanya ni kupima uzito tu na kubandika jina jingine. Mafuta ya kupikia ni mepesi: ikisema 250, umemimina karibu 270. Asali ni nzito: ikisema 250, hujafika hata 180.

Majirani wamegundua ninayo. "Mwanangu, nipimie na hii," mama wa nyumba ya pili anakuja na mfuko wa nyama ya kilo moja, na kioo kinasoma 930. Tunaguna wote wawili. Lakini siwezi kumpeleka muuza nyama popote kwa kioo changu. Hii ni ya jikoni. Mizani ya biashara lazima iwe imehakikiwa na kuwekwa alama na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo nyinyi mnaofunga karanga na korosho za kuuza, msinunue hii mkaja kunilaumu.

Wala msiirundikie sufuria juu. Ndani mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kinapoelemewa, na hicho ndicho kinachopima. Kikishapinda moja kwa moja, namba zote zinakuwa za uongo.

Ukienda kununua, mwambie atie betri palepale. Weka chupa ya maji katikati ya sahani, usome, kisha isogeze ukingoni kila upande. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya gramu moja au mbili, chagua nyingine kwenye lile rundo. Wanazo nyingi, na akiona unajua unachokitafuta, bei nayo inashuka.