Madirisha ya bibi, Ngamiani: mawili nilitia alumini, sita nilikarabati

Nyumba aliyotuachia bibi ipo Ngamiani, Tanga, kwenye barabara zetu zinazoitwa kwa namba, na ilikuwa na madirisha manane ya mvule. Kila dirisha lina mbawa mbili za kufungukia nje. Nusu ya chini ni ubao mtupu. Nusu ya juu ni luva za mbao zilizolazwa mshazari, hewa ipite, mvua ibaki nje, na mpita njia asione ndani. Hayo nilikuja kuyaelewa nikiwa nimeshang'oa mawili.

Baada ya masika ya mwaka jana, mawili ya mbele yaligoma kufunga. Chini yalikuwa yameoza, ukibonyeza kwa kidole gumba panaingia kama muhogo uliochemka. Kila aliyekaa barazani alinishauri nitie alumini nipumzike. Nikaenda duka moja la mjini, nikalipa 640,000 kwa yote mawili, yale ya kusukuma, pamoja na wavu wa mbu. Mafundi walifika saa tatu asubuhi, alasiri wamemaliza na kufagia. Kazi ya siku ile siilaumu. Vumbi lilipungua, na makelele ya bodaboda pia.

Ila dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu ya pili kioo kimekaa nyuma ya kioo. Mvua ikinyesha unafunga lote. Februari, joto la kaskazi lilipofika, chumba kile kiligeuka tanuri, feni inazungusha moto uleule. Na kabla mwaka haujaisha vigurudumu vimeanza kukwama, skrubu zinalia kutu ukutani. Nilipopiga simu dukani nikajibiwa kwamba dhamana yao haihusu uharibifu wa hewa ya bahari. Dirisha la Tanga lisilotaka hewa ya bahari!

Kinachoniuma zaidi ni mbawa za zamani. Wale vijana waliniuliza, "Mama, mbao hizi tukutupie?" Nikasema tupeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya 1940. Lakini dirisha la bibi halikuwa na mtetezi ila mimi, nami ndiyo hivyo.

Machi nikapelekwa kwa seremala mmoja mzee wa Makorora. Alikuja na bisibisi tu. Akawa anachoma fremu taratibu kutoka juu kwenda chini, kila dirisha, huku anasikiliza. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, mvule huu haukuoza. Mmeuozesha." Rangi ya mafuta ilikuwa imepigwa juu ya rangi, miaka nenda miaka rudi. Ilipopasuka kwenye maungio, maji yakaingia na hayakuwa na pa kutokea. Halafu kuna mwashi aliyeziba kizingiti cha chini kwa saruji na kukilaza bapa, kwa hiyo kila mvua maji yanatuama kwenye miguu ya fremu. Ubovu wenyewe kwa wastani haukuzidi shibiri moja kutoka chini.

Alizitoa mbawa na kuzitia alama kwa patasi, kila moja irudi kwake. Rangi aliikwangua ikiwa imeloweshwa maji, na wajukuu wangu akawafukuza, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Sehemu mbovu aliikata mpaka akakuta mbao nzima, akaunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari, gundi isiyoogopa maji na vijiti vya mbao. Misumari hakutaka kuisikia. Mvule siku hizi ni adimu, akatumia mtiki kutoka Muheza, kule kwenye shamba la miti la Longuza. Luva 11 zilikuwa zimevunjika, akazichonga upya. Bawaba alitia za shaba, na kizingiti kikapewa mteremko wa kuelekea nje. Badala ya rangi alipaka mafuta ya kitani mikono mitatu, wa kwanza ukiwa umezimuliwa kwa tapentaini. Vitambaa vyenye mafuta alivianika kimoja kimoja kwenye kamba. Vikirundikwa huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Hilo sikulijua.

Ufundi ulikuwa 95,000 kwa dirisha, vifaa vyote 310,000, jumla 880,000 kwa madirisha sita. Sasa lawama zangu. Aliahidi siku kumi, zikawa 26, mara msiba Pangani, mara mvua, na sisi tunalala hivyo hivyo, madirishani tumegongelea mabati na khanga. Wavu haukuwemo kwenye bei. Fremu zake za ndani nililipia 20,000 kila moja. Masika yalipokolea dirisha la jikoni lilivimba likakwama, akaja kulipiga randa bila kudai kitu.

Vumbi bado linaingia, tena jingi kuliko upande wa alumini. Lakini saa nane mchana nafunga mbawa, chumba kinakuwa giza la kupendeza na upepo wa bahari unapita kwenye luva. Ukitafuta fundi, mtazame anavyoanza. Akitangulia kufungua kopo la puti ya kuzibia nyufa kabla hajachoma mbao, mpe nauli arudi kwao.

Yale mawili ya mbele nimemwomba ayatengeneze upya kwa mtiki. Amepima, vipimo akaviandika kwa penseli kwenye kipande cha luva, akataja 340,000 kwa moja. Nakusanya. Mwanangu anayelala chumba kile ameshahamishia godoro ukumbini.