TAHADHARI: "Mnunuzi wa leseni" anayetaka wewe ndiye umlipe kwanza

Ndugu zangu wavumbuzi, wasanii na wenye biashara ndogo, naandika haya nikiwa nimeshalizwa tayari. Nimepigwa mara mbili na watu walewale, mara ya tatu nikaponea chupuchupu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza kwa aibu, lakini juzi rafiki yangu alinionyesha barua pepe iliyomfikia. Maneno ni yaleyale niliyoandikiwa mimi, hata aya zimepangwa vilevile. Maana yake bado wako kazini, na nikikaa kimya nitakuwa nimewasaidia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yetu ni ya kupanda na kushuka, na nimeshawaona wenzangu wakianguka kwa sababu mguu mmoja wa ngazi ulikaa penye mteremko. Nikabuni kiatu cha ngazi. Unakivalisha mguuni mwa ngazi, kina bawaba na meno, uzito wa mtu ukishuka kinajilaza kufuata sakafu kisha kinajifunga. Nilijitahidi kufuata utaratibu. Sikumwonyesha mtu mchoro kabla ya kuwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, kwa kuwa nilijua nchi nyingi hazitoi hataza kwa kitu ambacho mwenyewe umeshakianika hadharani. Nilipopewa namba ya maombi, nikatulia.

Ambalo sikulifikiria ni kwamba maombi hayo hayabaki siri. Kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, pamoja na jina la mwombaji, na mara nyingi anwani yake. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma, na kwa kweli ndivyo mfumo ulivyokusudiwa: jamii inajifunza ulichovumbua, wewe unapata ulinzi wa muda. Ila mbele ya tapeli, chapisho hilo ni orodha ya watu wa kuwapigia simu. Yangu yalikuwa hayajamaliza mwezi tangu yachapishwe, simu ikalia.

Mpigaji aliitaja namba ya maombi yangu bila kukosea tarakimu. Akataja kichwa cha uvumbuzi, akataja na tarehe. Nikajisemea huyu ni mtu wa ofisini kabisa. Kumbe vyote hivyo viko wazi kwa kila mtu. Akasema kipo kiwanda nje ya nchi kinachotengeneza ngazi, kimekiona kiatu changu, kinataka leseni ya pekee, yaani ruhusa ya kukitengeneza chenyewe tu, na mrabaha, yaani malipo ya mwenye uvumbuzi, utalipwa kwa kila jozi itakayouzwa. Kilichobaki ni jambo dogo tu: ripoti ya tathmini ya soko, ambayo kiwanda hakiwezi kusaini bila kuiona, na ambayo hugharamiwa na mvumbuzi.

Nililipa. Baada ya siku kumi ikaja ripoti ya kurasa 40, ina michoro ya rangi na muhuri kila ukurasa. Niliisoma kwa furaha, na kwa furaha ile sikuiona sentensi iliyokuwa ukurasa wa 17, inayosema kwamba kifaa hiki "kitawavutia wazazi wa watoto wanaoota meno". Kiatu cha ngazi, ndugu zangu. Ripoti ilikuwa ya mtu mwingine, wamebadilisha jalada na kusahau ukurasa mmoja. Nimeiona sentensi hiyo miezi minne baadaye, wakati nimeshalipa na ada ya pili, waliyoiita ya "hataza ya dunia nzima".

Hapo nisimame kidogo, maana ndipo wengi tunapochotwa. Hataza ya dunia nzima haipo. Haijawahi kuwepo. Upo Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lenye makao Geneva. Mkataba huo unakuwezesha kuwasilisha ombi moja litakalotambuliwa na nchi nyingi, lakini uamuzi wa kukupa hataza au kukunyima unabaki kwa ofisi ya kila nchi au ya kanda. Kwa hiyo mtu akikuambia amekupatia, au atakupatia, cheti kimoja kinachokulinda kila mahali, usimwulize swali la pili. Mimi nilipewa cheti. Kina utepe mwekundu na picha ya dunia. Hakina thamani yoyote.

Mara ya tatu walileta mkataba wenyewe. Walisema nisaini, kisha nilipe "dhamana ya kuachilia mrabaha wa kwanza", ambao eti umeshaingia benki na unanisubiri. Nilikuwa tayari kusaini. Kilichoniokoa ni binti wa fundi mwenzangu anayesoma sheria, aliyekuja karakana kumletea baba yake funguo. Nikampa karatasi asome, zaidi kwa kujisifu kuliko kwa kutaka ushauri. Akasoma amesimama. Akafika kifungu cha nne, akarudia kukisoma, akaniuliza: "Baba mdogo, hapa unapangisha au unauza?"

Swali hilo ningeomba kila mmoja wenu aliweke kichwani. Leseni ni kupangisha. Nyumba inabaki yako, mpangaji anaitumia kwa masharti na kwa muda, akikiuka unamtoa. Kuhamisha haki ni kuuza. Ukishasaini, mali si yako tena, na ukiitumia wewe mwenyewe unaweza kushitakiwa na aliyeinunua. Karatasi yangu ilikuwa na neno LESENI kwa herufi kubwa juu ya kila ukurasa, lakini kifungu cha nne kilisema mvumbuzi "anahamisha kwa kudumu haki, hadhi na maslahi yote" katika maombi na hataza zitakazotokana nayo. Kichwa cha karatasi hakikulindi. Kinachokufunga ni kitenzi kilichomo ndani: anaruhusu, au anahamisha.

Binti yule hakuishia hapo. Alinionyesha kwamba hata kama kifungu hicho kingeondolewa, bado ningeumia. Ilikuwa leseni ya pekee, maana yake hata mimi mwenyewe nisingeruhusiwa kumpa mtu mwingine, na haikuweka kiwango cha chini cha kunilipa kila mwaka wala muda wa kuanza kutengeneza. Mtu anaweza kuchukua leseni ya namna hiyo akaifungia kabatini, wewe ukakaa unasubiri mrabaha wa bidhaa ambayo haitatengenezwa kamwe, na saa ya hataza inaendelea kwenda. Ulinzi wake kwa kawaida ni miaka 20 kuanzia tarehe ya kuwasilisha maombi. Kila mwaka unaokaa kabatini haurudi. Tena hapakuwa na haki yangu ya kukagua vitabu vyao vya mauzo, kwa hiyo hata wangeuza, idadi ningeambiwa na wao wenyewe.

Nilipowaambia sisaini, sauti ilibadilika. Yule aliyekuwa akiniita mheshimiwa mvumbuzi akasema kiwanda kitanishitaki kwa kuvunja makubaliano. Makubaliano gani, wakati sijasaini? Nilimwomba jina la kiwanda niwasiliane nacho moja kwa moja. Akasema ni siri ya biashara. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani.

Nikaanza kusoma, na nikagundua mchezo huu ni wa zamani. Huko Marekani ulikithiri kiasi kwamba sheria ya kuwalinda wavumbuzi ya mwaka 1999 inamlazimisha anayejiita mkuza uvumbuzi, yaani anayelipwa ili akutafutie soko la uvumbuzi wako, akwambie kwa maandishi, kabla hamjafunga mkataba, amepima kazi ngapi za uvumbuzi katika miaka 5 iliyopita, ngapi alizikubali na ngapi alizikataa, wateja wangapi walipata faida kuliko walicholipa, na wangapi walipata leseni kupitia kwake. Hata hivyo bado watu wanaumizwa. Mwaka 2017 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya huko iliishitaki kampuni iitwayo World Patent Marketing, ya Florida, kwa kuwaahidi wavumbuzi hataza na soko visivyopatikana, na mwaka uliofuata shauri likaisha kwa hukumu ya karibu dola milioni 26 na mwenye kampuni kupigwa marufuku katika biashara hiyo.

Popote ulipo, hata kama sheria yako haisemi hivyo, uliza maswali yaleyale. Umewapatia watu wangapi leseni? Wangapi kati yao wamepata zaidi ya walichokulipa? Wa kwangu, nilipomuuliza baadaye kwa barua pepe, alijibu kwa aya tatu kuhusu umuhimu wa kujiamini. Hakuna tarakimu hata moja. Na angalia kama walishawahi kumwambia mtu yeyote kwamba wazo lake halifai. Mpimaji ambaye kila anachopima ni dhahabu hapimi chochote.

Kuhusu fedha, kanuni yenyewe ni nyepesi. Katika leseni, fedha hutoka kwa anayetumia kwenda kwa mwenye mali. Wewe mmiliki unazo gharama zako, ndiyo: ada za ofisi ya hataza na malipo ya wakili uliyemtafuta mwenyewe. Lakini anayetaka kutumia mali yako hana sababu ya kukudai ada ya tathmini, wala dhamana, wala kodi ya kuachilia mrabaha. Dalali anayeiamini kazi yako akubali kula kwenye mrabaha utakapoingia.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu aliyeletewa ile barua pepe. Yeye hana hataza, ana alama ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la nguo anazoshona. Wakati huohuo alikuwa ameletewa pia ankara. Ina nembo inayofanana na ya ofisi ya serikali, ina picha ya alama yake, namba ya usajili na neno KUHUISHA. Alama ya biashara chini ya mfumo wa Madrid, ule wa kusajili alama kimataifa, hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa, na nchi nyingi zinafuata muda huohuo. Ya kwake ina miaka mitatu. Tulipoigeuza ankara tukakuta nyuma, kwa maandishi ya kijivu madogo kama punje za mchanga, kwamba hii ni "huduma ya hiari ya kuorodheshwa" katika daftari la kampuni binafsi, isiyohusiana na msajili yeyote. Wakikudai mahakamani watasema waliandika. WIPO wenyewe wameweka kwenye tovuti yao mifano ya barua za namna hii, na Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja wa Ulaya nayo imefanya hivyo. Zitazameni, huenda mkaiona iliyowafikia ninyi.

Kuna na wale wanaokuandikia kwamba "kampuni nyingine inataka kusajili jina lako la tovuti, lipa leo tuizuie". Hiyo ifute tu.

Na upande wa pili wa sarafu: wanaokuuzia leseni ya kitu kisicho chao. Hakimiliki ina mwisho, hataza ina mwisho, na kikishaisha hakuna wa kumwomba ruhusa. Wimbo wa Happy Birthday ulilipiwa leseni kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2015 mahakama ya Marekani ilipoamua kwamba kampuni iliyokuwa ikitoza haikuwa na hakimiliki halali ya maneno yake. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, katika shauri la Kimble dhidi ya Marvel, ilishikilia msimamo wake kwamba mrabaha wa hataza haudaiwi tena baada ya hataza kuisha muda. Ukitakiwa ulipie leseni, dai namba ya usajili na uthibitisho wa umiliki. Hakimiliki kwa desturi haihitaji usajili, chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo huko utadai mlolongo: nani alitunga, nani alimhamishia nani, kwa karatasi ipi.

Namba za hataza unaweza kuzitafuta bure kwenye PATENTSCOPE ya WIPO au Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na alama za biashara kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO. Kisha mpigie msajili kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua uliyoletewa. Rafiki yangu alifanya hivyo. Aliyepokea simu alimwambia hawajatuma ankara yoyote, na akamwomba awatumie nakala yake.

Kiatu cha ngazi bado ni changu. Fedha sijarudishiwa. Nimepeleka malalamiko polisi na kwenye ofisi ya hataza, nikaambatanisha ripoti yote na kuupigia mstari mwekundu ukurasa wa 17. Kama kuna mtu hapa aliyebuni kitu cha watoto wanaoota meno, na aliwahi kulipia ripoti ya kurasa 40, tafadhali aniandikie. Nadhani nimeshika nusu ya ushahidi wake.