Kozi ya jioni ya C (lugha ya kuandikia programu), Kadutu: mwalimu safi, karatasi za zamani

Mwalimu anafundisha vizuri, tena kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. Alituonyesha jinsi scanf, amri inayosoma namba unayoandika, inavyoacha alama ya mstari mpya nyuma, kisha fgets inayofuata, ile ya kusoma mstari mzima, inaiokota, na programu inaruka swali la jina kabla hujagusa kibodi. Dawa: soma mstari mzima kwa fgets, halafu geuza maandishi yake kuwa namba kwa strtol. Hapo nampa nyota zote. Ila karatasi za masomo! Bado zina gets, amri ya zamani ya kusoma mstari, iliyoondolewa kwenye C11, toleo la C la mwaka 2011, na system("pause"), inayoita amri ya Windows ya kusubiri ubonyeze kitufe. Kwenye Linux yangu haikusimamisha chochote. Badala yake, endesha programu ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), imalizike kwa return 0 mambo yakienda sawa, au return EXIT_FAILURE yakiharibika. Viti vigumu, jenereta ipo, bei mnapatana.